Mishumaa ya Shimo la Tisa

Mkubwa wa kituo alimfungulia kalamu kabisa. Alivua kifuniko, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagota kwenye vidole vya Kupe. Ilibaki kumshika mkono tu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Saini hapa na hapa," alisema. "Saa kumi jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Sasa hivi saa sita. Nimekuachia hata muda wa kula."

Kupe hakuigusa kalamu. Jina hilo mwanamke huyu hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake wa upelelezi mwaka wake wa kwanza kazini, alipomfuata mwizi wa nyaya za umeme miezi saba, mpaka mwizi akajileta mwenyewe kituoni akaomba apumzishwe. Wenzake walidhani wanamtukana. Yeye akaliandika kwenye kikombe chake cha chai.

"Mkubwa, mawe yenyewe sijayaona bado."

"Mawe yana nini? Mawe hayasemi."

"Ndiyo maana nataka kuanza nayo. Wanaosema nimeshawasikia."

Kesi yenyewe, kwa aliyeisikia juujuu, ilikuwa nyepesi kama pamba. Idara ya Miamba ilikuwa inapima kaskazini ya mbali, nchi kavu, siku mbili za gari, na nusu ya safari hakuna barabara, kuna nia tu ya barabara. Yalichorongwa mashimo kumi na mawili ili ijulikane ardhi imeficha nini. Mashine ikishuka, hutoa mawe marefu ya mviringo, unene wa kifundo cha mkono, ambayo mafundi huyaita mishumaa. Mishumaa hupangwa kwenye masanduku ya mbao yenye vijia, ikaletwa ghalani mjini.

Kiongozi wa wachorongaji, aliyeitwa Fundi Keekee, alirudi akisema shimo la tisa limejaa shaba. Masanduku yalipofunguliwa ghalani, shaba hapakuwa. Palikuwa na mishumaa ya kijivu, mwamba ule ule uliowahi kuchorongwa mjini miaka miwili nyuma, kwenye msingi wa daraja. Na aliyechoronga daraja alikuwa nani? Fundi Keekee huyo huyo. Mtaalamu mkuu wa idara akatoa neno: Fundi hakuchoronga shimo la tisa, alijaza masanduku kwa mawe ya zamani, kisha akatunga hadithi. Ripoti ikaandikwa kwamba eneo lile ni jangwa tupu, na wiki inayofuata wenyeji wangehamishwa, likabidhiwe kampuni iliyoliomba, kama mtu anavyogawa shati lililochanika.

"Na mwenye ghala ni shemeji yake," Mkubwa aliongeza. "Piga hesabu."

"Nimepiga, Mkubwa. Imenibaki moja mkononi."

"Kupe."

"Saa kumi nitakuwa hapa," alisema, akainuka. Kalamu aliiacha wazi pale pale, ikaukie.

*

Fundi Keekee alikuwa mahabusu siku ya tisa. Miaka ishirini na mitano ya kusimama kando ya mashine ilikuwa imemwachia sauti isiyojua kunong'ona. Akikusalimu, mtaa mzima unaitikia.

"Afande! Kama umeleta maswali, yale ya jana hayajapoa bado."

"Sina swali. Nisimulie siku moja ya kazi kule. Toka asubuhi."

Fundi alimkagua kidogo, akaona hamtanii, akakaa.

"Asubuhi unaamka, unakunywa chai ya chumvi."

"Chai ya chumvi?"

"Kisima ni kimoja, afande, na kina chumvi kuliko bahari. Mashine haichorongi kavu, itaungua meno. Lazima uimiminie maji kutwa nzima. Basi maji ya kisima yanaingia shimoni, yanatoka na mshumaa, yanaturukia sisi. Uji wa chumvi, nguo za chumvi. Ukijilamba mdomo hujui jasho lako ni lipi na kisima ni kipi. Mke wangu aliponifulia suruali niliporudi, aliniuliza kama nilikuwa nalala na samaki."

"Mtaalamu mkuu aliionja chai hiyo?"

"Daktari wa Mawe?" Fundi alicheka, askari wa zamu akashtuka mwisho wa korido. "Yule kaskazini anaijua kwa ramani. Alituaga ofisini, akatupokea ofisini."

"Maandishi kwenye masanduku ya shimo la tisa ni yako?"

"Yangu. Mabaya kama kuku amepita. Sikatai."

Hilo halikumsaidia, na alilijua, lakini alilisema bila kupunguza sauti. Kisha akatazama mikono yake.

"Mtoto ana siku nane leo," alisema. "Nimeonyeshwa kwenye simu ya huyu bwana wa zamu. Ana masikio yangu, maskini. Afande, ningepelekwa gerezani kwa shimo ambalo sikulichoronga, ningesema haya, nilijitakia. Lakini lile nimelishuka mita mia mbili na kumi. Nimetoa humo mishumaa ya kijani, rangi ya mwamba wenye shaba, mpaka vijana wakaimba."

Kupe aliandika kwenye daftari maneno mawili tu: *chai, chumvi*. Akaondoka.

*

Ghala la sampuli lilikuwa banda refu la mabati nyuma ya ofisi za idara, rafu hadi darini. Mwenye ghala aliitwa Mama Lebo, na ukiingia huulizi kwa nini. Kila rafu ilikuwa na lebo, kila sanduku, kila taa. Kiti chake kilikuwa na lebo iliyoandikwa KITI. Chupa ya chai iliandikwa CHAI, na chini yake, kwa herufi ndogo, *si yako*.

"Umekuja kuniuliza kama nampenda shemeji yangu," alisema kabla Kupe hajafungua mdomo. "Simpendi. Anakula sana na anapiga kelele. Mdogo wangu alikuwa na wachumba watatu, akachagua tarumbeta. Lakini mwongo si yeye."

"Ufunguo unakaa wapi?"

Mama Lebo alivuta kamba shingoni. "Hapa. Hautoki."

"Haujawahi kutoka?"

Kamba ilisimama hewani. "Siku tatu. Mdogo wangu alipokuwa anajifungua. Nani mwingine angekaa naye, mume wake mmemfungia? Nilimkabidhi Daktari wa Mawe, akasaini."

Alifungua daftari la funguo. Saini ilikuwepo, nadhifu, yenye mkia. Kupe alihesabu tarehe kwa kidole. Masanduku ya shimo la tisa yaliingia ghalani Jumatatu. Fundi alikamatwa Jumanne kwa madai ya simu tu, kwamba hakuchoronga. Jumatano Mama Lebo akaenda kwa mdogo wake. Jumamosi alirudi, na siku hiyo hiyo masanduku yakafunguliwa mbele ya mashahidi.

"Mtu alikamatwa Jumanne kwa mawe yaliyoonekana Jumamosi," Kupe alisema.

"Nilimwambia hivyo askari aliyekuja. Akaniambia niandike lebo zangu."

"Mishumaa ya daraja ilikuwa inakaa wapi?"

Mama Lebo alinyoosha mkono kwenye kona. Lebo ilikuwepo: DARAJA. Juu ya rafu palikuwa na vumbi lenye alama za masanduku. "Niliporudi nikakuta yametolewa. Daktari alisema yanakula nafasi."

Hapo mtu mwenye haraka angefunga daftari na kuagiza pingu. Kupe hakuwa na haraka, alikuwa na saa mbili na nusu. Saini ya ufunguo haimfungi mtu, na kona tupu haiapi mahakamani. Daktari angesema alisafisha ghala, na Fundi alishafanya wizi wake zamani. Alivuta sanduku la shimo la nane, akalifungua.

"Mawe haya mnayatazamaje?"

"Kwa ulimi," Mama Lebo alisema. "Usinicheke. Jiwe kavu lina vumbi, halionyeshi rangi. Ukililamba linaamka. Hapa wote wanalamba, wenye shahada ndio wanaongoza."

Kupe alichukua mshumaa, akaulamba. Chumvi ikamng'ata ulimi. Alifungua la shimo la kumi, akalamba. Chumvi. Akafungua la tisa, akachagua mshumaa wa katikati, akalamba.

Hapakuwa na kitu. Ladha ya jiwe, yaani ladha ya kikombe kilichooshwa vizuri.

Akajaribu mwingine. Akajaribu wa sanduku la pili, na la tatu. Mama Lebo alikuwa akifuata uso wake kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani ubaoni.

"Hauna chumvi," Kupe alisema.

"Maana yake?"

"Maana yake haujatoka kaskazini. Daktari yuko sahihi. Mishumaa hii ni ya daraja."

Mama Lebo alikaa kwenye kiti chenye lebo. Hakulia. Aliichukua chupa ya chai isiyo ya mtu, akaifungua, akaifunga tena. "Basi shemeji yangu ana jela," alisema, "na mimi ndiye niliyekulambisha."

 Kupe alikuwa ameutoa mshumaa mmoja, na chini yake, kwenye kijia cha mbao, aliona michirizi myeupe, myembamba, kama ile inayobaki kwenye shati la mtu aliyelima juani. Akainama. Akaangalia kushoto na kulia. Kisha, mbele ya mtumishi wa umma mwenye miaka thelathini kazini, afande wa upelelezi alitoa ulimi akalamba ubao.

Mama Lebo alimtazama kama mtu anayemtazama mbuzi ndani ya duka la vitabu.

Alichokionja Kupe hakukisema. Alifuta mdomo, akatoa daftari. "Mpigie Daktari wa Mawe. Mwambie nimeshindwa, nimekubali, nahitaji saini yake tu."

*

Daktari wa Mawe alifika ndani ya dakika kumi. Wanaosubiri ushindi hawakai mbali. Viatu vyake vilikuwa safi kama havijawahi kukutana na ardhi, na shingoni alining'iniza kioo cha kukuzia.

"Nasikia bibie umekubaliana na sayansi."

"Nifanyeje, daktari. Naomba unisaidie kuandika vizuri, mimi mawe siyajui. Masanduku haya ya shimo la tisa yalikuwa mapya?"

"Mapya kabisa. Kila shimo lina masanduku yake, nilisaini mwenyewe kuyapokea kutoka kwa seremala. Namba imechomwa kwenye mbao."

"Hayajawahi kubeba mawe mengine?"

"Haiwezekani. Yule fundi wako aliyajaza takataka hizi na kuzileta hivyo hivyo."

"Na maandishi ni ya Fundi."

"Ndiyo uzuri wake," Daktari alitabasamu. "Amejisainia kosa."

Kupe aliandika. Kisha akamnyooshea mshumaa wa shimo la nane. "Hebu onja, wewe ndiye mwenye ulimi wa shahada."

Daktari alilamba kwa madaha. Uso ukakunjana. "Hii ni nini? Chumvi?"

"Hukujua?"

Alisita, nusu ya pumzi tu. "Nilisahau."

"Wachorongaji walitumia maji ya kisima cha chumvi. Onja la kumi. Sasa onja la tisa."

Alionja, na alipoonja la tisa akawaka kama taa. Mtu mwerevu ukimwonyesha njia ya mkato, anakimbia. "Halina! Umeona? Angechoronga kule lingekuwa na chumvi. Huo ni ushahidi wa kisayansi, bibie, andika hilo. Chumvi ndiyo inayothibitisha mahali."

"Chumvi ndiyo inayothibitisha mahali," Kupe alirudia polepole, akiandika. "Kilicholoana kule kina chumvi. Kisicho nayo hakijafika kule. Nimekuelewa? Saini basi, ili mtu asije akasema nimetunga."

Daktari alisaini, pamoja na mkia.

Kupe aliinua mishumaa yote ya kijia kimoja, akailaza pembeni. Mbao ikabaki uchi, na michirizi yake myeupe.

"Sasa onja hapa."

"Nionje ubao?"

"Mimi nimeshauonja. Haujaniua."

Hakuonja. Aliinama, akaona, akabaki ameinama. Mama Lebo ndiye aliyejisogeza. Alitia kidole kijiani, akakipeleka mdomoni, akafumba macho.

"Chumvi," alisema. "Kama chozi la mamba."

"Sanduku jipya," Kupe alisema, "halijawahi kubeba mawe mengine, maneno yako na saini yako. Mbao imeloana maji ya kaskazini, mawe hayajaloana. Kwa hiyo humu mlikuwa na mishumaa mingine, ilifika hapa na maji yake, mtu akaitoa akaweka ya daraja. Angekuwa mjinga angebadilisha na masanduku. Lakini yana maandishi ya Fundi, na maandishi yale ni matamu mno kuyaacha. Wataalamu wa mawe, daktari, hulamba mawe. Mbao hamzijali."

"Ufunguo—"

"Jumatano hadi Jumamosi," Mama Lebo alidakia. "Umesaini. Na kona ya daraja umeisafisha wewe, ndiyo mara ya kwanza nakuona unasafisha kitu."

Daktari wa Mawe alivua kioo shingoni, akakitazama kama kilimdanganya. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo.

"Unadhani nimelitaka hili peke yangu? Jina langu likiandikwa, wapo watakaokupigia simu usiowajua."

"Hao nitawaamkia kesho. Shaba iko wapi?"

Daktari alikirudisha kioo shingoni. Kupe alifunga sanduku, akalizungushia utepe wa ushahidi, akamwomba Mama Lebo lebo. Mama Lebo aliiandika kwa herufi za kupigia mhuri: MBAO. USILAMBE.

*

Saa tisa na nusu Mkubwa alisoma karatasi ya Daktari mara mbili. Alitoka nje na simu, akarudi akiwa mpole, na upole wa Mkubwa ulikuwa wa kuogopwa kuliko makelele yake.

"Tumalize kiutu uzima. Fundi aende nyumbani sasa hivi, kwa mtoto wake. Asaini tu kwamba namba za shimo la tisa alizikosea kuandika. Daktari arudi kazini. Hakuna jela, hakuna kelele. Kila mtu anakula chakula cha jioni kwake."

Fundi aliletwa kaunta, mbele ya benchi la watu waliokuja na shida zao: mwanamke aliyeibiwa redio, wazee wawili waliogombania mpaka, dereva mwenye jicho lililovimba. Alipokea karatasi, akainyoosha mbali na macho, akaisoma kwa sauti yake ile, benchi zima likasikiliza.

"Hii inasema sikuchoronga."

"Inasema ulikosea," Mkubwa alisema.

"Mita mia mbili na kumi, wiki tatu, watu wanane. Mkubwa, wewe umewahi kukosea kwa urefu huo?"

Dereva mwenye jicho alicheka, akajishika jicho.

"Mtoto wako anakusubiri, bwana."

 Kalamu ilikuwa pale kaunta, na mlango wa nje ulikuwa wazi hatua sita tu mbele ya Fundi.  Shauri hili halikuwa la Kupe.

"Mtoto ana siku nane, hajui kusubiri," Fundi alisema hatimaye. "Anayesubiri ni mama yake, na huyo akiiona karatasi hii nitalala nje. Kule watu watahamishwa wakiambiwa nchi yao ni mavumbi, na sahihi iliyosema hivyo iwe yangu? Hapana, baba."

Aliirudisha karatasi bila kuikunja. Akageuka, akapita korido, akaingia mahabusu. Mlango ule hauna mshikio kwa ndani. Akapitisha mkono kati ya nondo, akaushika kwa nje, akajivutia.

Mkubwa alimgeukia Kupe. "Basi saini jalada lake. Usiposaini, kesho nakuhamisha mahali hata simu haifiki."

"Uhamisho ni wa kesho," Kupe alisema. "Leo niko zamu."

Akasogea kaunta. Kitabu cha matukio kilikuwa wazi, kurasa zake zimepigwa namba moja moja, wino tu, hakuna kuchana. Karani alimwona anakuja, akaanza kutafuta sababu ya kwenda chooni.

"Keti. Andika tukio jipya. Kuharibu ushahidi wa uchunguzi wa serikali, masanduku ya shimo la tisa."

"Afande," karani alinong'ona, "nikishaandika haifutiki."

"Ndiyo sababu nimekuja kwako, sijaenda kwa mwenye kifutio."

Benchi lote lilikuwa limesimama. Mwanamke wa redio alikuwa amesogea kabisa, kiwiko juu ya kaunta, kama mwenye hisa. Mkubwa alifungua mdomo, akawaona, akaufunga.

"Mtuhumiwa?" karani aliuliza.

"Mtaalamu mkuu, Idara ya Miamba."

"Mlalamikaji?"

Kupe alivuta pumzi ajibu, lakini sauti ilitoka nyuma ya nondo, ile iliyozoea kushindana na mashine, ikafika kaunta haijachoka.

"Mchorongaji wa shimo la tisa! Na uandike kwa herufi kubwa!"

Karani aliandika. Alipomaliza mstari, kalamu ikasimama, naye akakunja uso kama mtu aliyekuta hesabu haikubali.

"Lakini, afande, utaratibu... mlalamikaji hakai mahabusu."

"Hakai," Kupe alisema.

Karani alimtazama Mkubwa. Mkubwa alikuwa anatazama simu yake, iliyoanza kuita mkononi, na hakuipokea. Karani akangoja kidogo, kwa adabu. Kisha akaweka kalamu chini, akachukua funguo ukutani.